Je, blefu ni uongo? Tulivyojifunza poka pale Jabe

Kile kisanduku kilikuja pamoja na vitabu vya kuchora na mipira miwili isiyo na upepo. Kilikuwa zawadi. Mtu wa mbali alifunga mzigo kwa ajili ya vijana wakimbizi wa mjini, na sisi wa Jabe tukapewa fungu letu. Ndani yake kulikuwa na paketi mbili za karata, jetoni za plastiki za rangi nne, na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza.

Karata tunazijua. Pita jioni yoyote Jabe ao Buyenzi, utakuta wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wanazipiga mezani kwa kelele kama wanapasua kuni. Watoto nao wanacheza ile tunayoita wi-amerikeni tangu hawajajua kusoma. Lakini poka? Poka tuliiona kwenye filamu tu: wanaume wenye kofia, sigara, na bastola chini ya meza.

Mimi ndiye ninayekaa na vijana Jumamosi, kwa hiyo ile karatasi ikawa mzigo wangu. Nina Kiingereza cha sekondari. Usiku mbili nilikaa nayo kwa tochi ya simu, juu umeme ulikuwa umekatika, hadi nikaielewa. Jumamosi iliyofuata nikawafundisha vijana 11. Nawaandikia hapa walivyoifahamu wao, maana wasomaji wengine wa kambini, Kavumu ao Musasa, hawajawahi kuiona.

Karata ni 52. Kila mchezaji anapata mbili za siri. Halafu katikati ya meza zinawekwa tano wazi, za wote: kwanza tatu kwa mara moja, halafu ya nne, halafu ya tano. Katika hizo saba (mbili zako na tano za wote) unachagua tano zilizo bora. Pea moja inashindwa na pea mbili, pea mbili zinashindwa na tatu za namna moja, halafu mfululizo, halafu tano za ua moja, halafu ful, yaani tatu pamoja na pea, halafu nne za namna moja. Juu kabisa ni mfululizo wa ua moja, na mkubwa wake ni ule unaoanza kumi na kuishia asi. Huo usiungoje. Katika mikono 2,598,960 inayoweza kutoka ukigawiwa karata tano, mikono hiyo ni 4 tu. Na zaidi kidogo ya nusu ya mikono yote hiyo haina hata pea. Hicho ndicho kilichowashangaza vijana: kumbe kukosa ndiyo kawaida.

Kabla ya karata za katikati kufunguliwa, na kila zinapofunguliwa, mnazunguka meza. Zamu ikikufikia unaweza kufuata dau la mwenzako, kulipandisha, ao kulaza karata zako na kutoka. Madau yote yanaingia katikati, sisi tulipaita sufuria. Na watu wawili wanaokaa kushoto kwa mgawaji wanalazimishwa kuweka kitu kabla hawajaona karata zao. Kijana mmoja akasema, "Hiyo ni kodi ya nyumba, yaya. Unalipa mbele, ndiyo unaona kama paa linavuja." Tukacheka, na mpaka leo lile dau tunaliita kodi.

Sasa sikilizeni. Kuna njia mbili za kuchukua sufuria. Ya kwanza, mwisho wa mzunguko una karata bora kuliko wengine. Ya pili, wengine wote wamelaza karata zao, na hapo hakuna anayeruhusiwa kudai kuona zako. Matatizo yetu yote yalianzia kwenye hiyo njia ya pili.

Jumamosi ya tatu, kijana mmoja alikuwa na saba na mbili, za maua tofauti. Wanaojua mchezo wanasema huo ndio mkono mbaya kuliko yote ya kuanzia. Akasukuma jetoni zake zote katikati, uso mkavu kama ukuta. Mbele yake alikaa binti wa miaka 17 mwenye pea ya wafalme. Binti akafikiri muda mrefu, akalaza. Yule kijana akazipindua saba na mbili zake ili kila mtu aone. Chumba kizima kikapiga kelele.

Binti hakucheka. "Kwa hiyo umesema uongo."

"Sijasema kitu mimi."

"Mikono yako imesema."

Wakanigeukia. Mwalimu wa mchezo lazima awe na jibu, si ndiyo? Nikawaambia ile inaitwa blefu, na blefu si uongo. Nikatoa mfano wa mpira: ukimpiga beki chenga, unamwonyesha kulia unapita kushoto, hakuna refa atakayekupa kadi eti umedanganya. Nikatoa mfano wa soko la Ruvumera. Muuza nguo anakuambia elfu thelathini, huku anajua atachukua elfu kumi na tano, nawe unasema huna zaidi ya kumi, huku umekunja ishirini ndani ya soksi. Nani mwongo hapo? Wote mnajua mnacheza nini. Uongo ni pale mtu anakuamini kwa sababu hajui kama kuna mchezo. Kwenye poka kila mtu amekaa mwenyewe, ameambiwa sheria, na anaweza kunyanyuka.

Baadaye nilisoma kwamba mtu wa hesabu, John von Neumann, pamoja na Oskar Morgenstern, walitoa kitabu mwaka 1944 na ndani yake wakaipima poka kwa hesabu. Walionyesha kwamba anayecheza vizuri inabidi apige blefu mara mojamoja. Asiyepiga kabisa anasomeka kama ubao: siku akiweka dau kubwa, wote wanakimbia, na karata nzuri inaoza mkononi mwake. Niliifurahia sana hiyo. Nikaona jibu langu limepata wakili.

Ila Jabe si mahali pa kufurahia jibu lako kwa muda mrefu. Mzee mmoja jirani, Mwislamu mwenye heshima zake, alinisimamisha njiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wawafundisha watoto kamari."

Nikamweleza kwamba hakuna pesa, jetoni zinarudi kisandukuni, ni mchezo wa akili. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza. Kisha akaniambia Kurani ilipokataza kamari, katika Sura ya Maida, haikutaja karata wala jetoni. Ilitaja uadui na chuki vinavyoingia kati ya watu. "Wewe waangalia kilicho mezani. Mimi naangalia watakavyosalimiana wakitoka."

Nilimjibu vizuri tu, lakini moyoni nilisema huyu mzee hajaelewa. Wiki mbili baadaye niligundua vijana wanne walikuwa wanacheza nyuma ya nyumba kwa unite za simu. Mmoja alipoteza unite ambazo mama yake alinunua ili ampigie dada yake aliyevuka mwezi Februari 2025, siku zile watu walipokuwa wanaingia Cibitoke kwa maelfu, wengine wamevua viatu kuvuka Rusizi. Dada alikuwa Rugombo, uwanjani, ana mtoto mgongoni. Simu haikupigwa siku hiyo. Wale wanne hawakusalimiana karibu mwezi mzima.

Nilirudi kwa mzee kumwomba msamaha. Hakufurahia ushindi wake. Aliagiza chai tu.

Kwa hiyo nikubali hapa: "kila mtu amekaa mwenyewe" si kweli sana. Yule mama hakukaa mezani. Dada wa Rugombo hakukaa mezani. Walipoteza mchezo wasioujua. Nadhani kipimo changu cha kwanza kilikuwa kifupi. Nilikuwa nauliza kama wachezaji wamekubaliana, na sikuuliza nani mwingine analipa.

Tukaweka sheria: mtu akionekana anacheza kwa kitu chochote nje ya jetoni, kisanduku kinafungwa mwezi mmoja kwa wote. Kimefungwa mara moja. Mchezo ukaendelea.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya nichukue kalamu. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mtu asitambulike, lakini kiini kiko palepale.

Yule binti wa wafalme alikuja kuwa mchezaji mkali kuliko sisi wote. Jioni moja alibaki nyuma, anapanga jetoni kwa rangi, polepole, kama mtu anayetafuta mlango wa kusema. Familia yake ilikuwa imeitwa kwenye mahojiano, yale ya kupelekwa nchi ya tatu. Kwenye faili ameandikwa kuwa mtoto wa nyumba hiyo. Kweli yake ni kwamba baba aliyemzaa alikuwa kaka wa baba wa nyumba. Wazazi wake walikufa ng'ambo, yeye akiwa mdogo sana, na huyu mama ndiye aliyemlea. Mama alikuwa amemwambia: ukiulizwa, sema nilikuzaa mimi, mengine utaharibu.

"Yaya," akaniuliza, "hiyo ni blefu ao ni uongo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitafikiri.

Nilifikiri kweli. Nilikumbuka mwaka wa mwisho wa sekondari, somo la filozofia. Mwalimu alitueleza habari ya Mjerumani Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akibisha mlangoni na kuuliza kama rafiki yako yumo ndani, huna haki ya kumdanganya. Darasa zima lilipiga makelele. Tulimwona huyo Kant hajawahi kuishi mahali. Kisha mwenzetu mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi, akasema kwa sauti ndogo: "Mimi niko hapa juu kuna mtu alidanganya mlangoni." Tukanyamaza hadi kengele.

Katika nchi hizi zetu swali hilo si la vitabuni. Tarehe 30 Aprili 1997, kwenye seminari ya Buta, kule Bururi, wenye silaha waliingia alfajiri kwenye bweni wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Walikataa. Hawakutoa jibu la kweli wala la uongo, walikataa swali lenyewe. Wanafunzi 40 waliuawa. Mimi nikiwafikiria hao, naona kuna maswali ambayo anayeuliza hana haki ya kujibiwa, na hapo neno "uongo" linapoteza uzito.

Lakini mfanyakazi wa mahojiano si muuaji mlangoni. Hapa nataka nipingane na vijana wenzangu, maana Jabe utasikia: "Hawa nao wanatuchezea, wana karata zao hawatuonyeshi, kwa nini sisi tuonyeshe zetu?" Ninaielewa hiyo hasira. Mimi mwenyewe nilikuja kutoka upande wa Uvira nikiwa na miaka 11, na usiku mpaka leo nikisimama ufukweni naona taa zake ng'ambo ya ziwa. Nilihojiwa nikiwa mtoto. Mjomba alinishauri niseme nina tisa. Nilisema tisa. Hakuna aliyenikamata, na kwa miaka mingi nilijivunia: blefu yangu ya kwanza, saba na mbili mkononi.

Sijivunii tena, na si kwa sababu ya mtu aliyeniuliza. Yeye alifunga daftari akaenda kula. Ni kwa sababu ya wanaofuata kwenye foleni. Kila tisa ya uongo inamfanya mtoto wa tisa ya kweli aulizwe mara nne badala ya moja. Kwenye poka, nikipiga blefu kila wakati, wenzangu wanaacha kuniamini mimi, na ninalipa mimi. Kwenye mahojiano tunashika mkono mmoja wote. Mmoja akikamatwa, uso wa wote unasomwa upya. Ndugu zetu wa mashirika mtakaosoma hapa mnajua mnavyotuangalia baada ya kudanganywa na mmoja wetu. Nasi tunajua, tunaiona machoni penu kabla hatujakaa.

Halafu kuna hili la pili, ambalo fomu hailijui. Kwetu mtoto wa kaka yako ni mtoto wako. Si msemo wa adabu, ni jina lake. Ndugu wa baba ni baba, mkubwa ao mdogo. Yule mama akisema "huyu ni binti yangu" mbele ya majirani, hakuna anayeona uongo, na angesema "huyu si wangu, ni wa kaka ya mume wangu", tungemwona ana roho mbaya. Sentensi ileile ikivuka meza ya mahojiano inageuka udanganyifu. Mama hakubadilika, sheria za meza ndizo zimebadilika, na hakuna aliyempa karatasi ya maelezo, hata ya Kiingereza. Ila kuna tofauti kati ya "binti yangu" na "nilimzaa mimi". La kwanza ni kweli kwa lugha yetu. La pili si kweli kwa lugha yoyote.

Hapo nikaona nimepata jibu. Nilikaa na binti na mama, kwa heshima, jioni. Nikasema: mama, semeni binti yetu, halafu elezeni yote, baba yake nani, alikufaje, mmemlea tangu lini. Msiseme umemzaa. Wakilinganisha majibu na yakatofautiana, mtapoteza hata yale ya kweli. Mama aliuliza swali moja tu: "Na wakimtoa kwenye faili?" Nikasema hawatamtoa, mama. Watu hawa wanajua mambo ya kulea.

Nilijuaje? Sikujua. Nilisema kwa uso mkavu.

Walisema kweli yote. Hakuna aliyewafokea, walisikilizwa vizuri. Kisha wakaambiwa zinahitajika karatasi za kuthibitisha malezi, na vifo vya wazazi, na kwamba faili itasubiri hadi zipatikane. Karatasi hizo, kama ziliwahi kuwepo, ziko kijiji ambacho leo hakuna anayeweza kukifikia. Sasa ni miezi 14. Familia nyingine iliyohojiwa wiki ileile, ambayo majirani wanaizungumza kwa chini, imeshaondoka.

Ningeweza kujitetea. Ningeweza kusema bado wako safi, faili haijafungwa, na kama wangedanganya wakagundulika ingekuwa basi. Yote ni kweli. Bado nadhani ushauri wangu ulikuwa sawa, na nikiulizwa kesho na mwingine nitasema vilevile, isipokuwa neno moja. Sitasema "hawatamtoa". Nitasema sijui, na inaweza kuwagharimu. Kwenye jambo la kweli nilitumia blefu ili watu wakubali kusema kweli, na jetoni niliyosukuma katikati haikuwa yangu. Mimi sikuwa kwenye ile faili. Hata wakipoteza, mimi nalala palepale nilipolala jana. Hilo ndilo linaloniamsha usiku kuliko swali la Kant.

Tena nafikiri kuhusu yule mama. Alikuwa radhi kubeba uongo mwenyewe, kwa jina lake, ili mtoto asiye wa tumbo lake apande ndege pamoja nao. Angeweza kumwacha nje ya faili tangu mwanzo, ingekuwa rahisi zaidi, na hakuna mahojiano yangemlaumu. Mimi niliingia pale na usafi wangu wa mikono. Nani hapo alikuwa mwenye maadili zaidi? Nimeandika sentensi hii mara tatu na kuifuta mara mbili.

Nakutana naye kwenye bomba la maji. Namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, kisha anainamia ndoo yake. Zamani alikuwa akiuliza mama yangu anaendeleaje na miguu.

Binti bado anakuja Jumamosi. Siku hizi ndiye anawafundisha wapya, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kuliko changu: kodi, sufuria, kufuata, kulaza. Wiki iliyopita tulibaki yeye na mimi tu mezani. Alisukuma jetoni zake zote. Nilikuwa na pea ya malkia. Nilimwangalia usoni nikaona ukuta, nikalaza. Hakuzipindua karata zake. Alizirudisha kwenye paketi, akachanganya, akaanza kugawa tena, na mimi sikumwuliza zilikuwa nini, wala faili imefika wapi.